Yamaha XS650 na nguvu za bei poa: majibu kwa mafundi wa kijiweni

Mwenye Yamaha XS650 hahitaji kuuliza jinsi ya kuiongezea nguvu. Ataambiwa tu. Pikipiki hii ilitoka kama modeli ya mwaka 1970 kwa jina la XS-1, nayo ilikuwa ya kwanza ya Yamaha kuwa na injini ya mipigo minne: silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ujazo wa sisi 653, na nguvu farasi 53 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya kiwanda. Soko lake kubwa lilikuwa Marekani, kwa watu waliozoea Triumph na BSA za Uingereza na kuchoshwa na oili iliyokuwa ikivuja. Utengenezaji ulikoma katika miaka ya 1980, kwa hiyo iliyobaki leo imeshapita mikono mingi, na mara nyingi aliye nayo ni mtu mwenye mapenzi makubwa na mfuko mdogo. Mtu wa namna hiyo ndiye anayelishwa ushauri kila anapoegesha.

Ushauri wa kwanza haubadiliki: "Ng'oa boksi la filta, weka filta za koni, injini ipumue." Kwanza mtu ajue kabureta alizonazo. Kwa modeli nyingi ni Mikuni BS38, na ndani yake ukivuta mafuta, waya unafungua kipepeo tu. Slaidi yenye sindano haivutwi na waya. Inainuliwa na tofauti ya shinikizo la hewa kati ya juu na chini ya dayaframu ya mpira, na tofauti hiyo inategemea hewa tulivu mdomoni mwa kabureta, pamoja na vitundu vidogo vilivyopangwa hapo. Filta nyingi za koni za bei nafuu zina ukingo wa mpira unaoingia ndani na kuziba sehemu ya vitundu hivyo. Matokeo yake slaidi inachelewa au inatetemeka, na pikipiki inakohoa katikati ya mizunguko, pale pale mwendeshaji anapoihitaji zaidi. Inawezekana kuzifanya filta hizi zikubali, ila utanunua jeti, utabadilisha, utajaribu, utabadilisha tena. Ukimaliza utakuwa umerudi karibu na pale boksi la kiwanda lilipokuwa limekufikisha bure.

Wa pili ni jirani yake: "Toa sailensa." Huu hata vijana wa bodaboda wa Dar es Salaam na Nairobi wanaujua, na unaponzwa na sikio. Kelele ikipanda, mwendeshaji anaamini kasi nayo imepanda. Moshi unapotoka kwenye silinda husafiri kama wimbi, na wimbi hilo hurudi kutoka mwisho wa bomba. Likirudi kwa wakati wake, linasaidia kufagia silinda. Likirudi vibaya, linausukuma moshi ndani. Urefu na mwisho wa bomba ndivyo vinavyoamua, na mtu aliyekata bomba kwa msumeno hajaamua chochote. Pikipiki za mashindano zilizokuwa na mabomba wazi zilipimwa kwa ajili ya mizunguko ya juu, ambako mpanda mbio hukaa muda wote. Wewe unakaa kwenye mizunguko 3,000 nyuma ya lori.

"Basi weka jeti kubwa, mafuta mengi ni nguvu nyingi." Hapana. Petroli huungua yote ikipata hewa mara 14.7 ya uzito wake, na injini hutoa nguvu ya juu kabisa ikiwa imetajirishwa kidogo tu, kwenye 12.5 au 13 hivi. Ukizidisha hapo, mafuta ya ziada yanaosha oili kwenye kuta za silinda na kuchafua plagi. Na kwenye BS38 za umri huu tatizo mara nyingi ni kinyume cha ushauri: sindano imesuguana na jeti yake kwa miongo, tundu limepanuka, na pikipiki inakula mafuta kupita kiasi bila mtu kuongeza kitu.

Kuhusu petroli ya okteni kubwa nitasema machache, kwa sababu hakuna mengi. Okteni ni uwezo wa mafuta kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. XS650 hubana mchanganyiko mara nane na nusu hivi, kiwango cha upole. Mafuta ya kawaida yanatosha, na ya ghali hayana nguvu iliyofichwa ndani yake.

"Chonga kichwa cha injini, kompresheni ipande." Hapa kuna ukweli, ila ni mdogo kuliko gharama yake. Ukipandisha uwiano kutoka 8.4 hadi 9.5, hesabu ya nadharia inatoa faida isiyofika asilimia nne. Na kuna kitu ambacho fundi wa kijiweni hakitaji. Kemshafti ya XS650 iko juu, inazungushwa na cheni inayotoka kwenye krenki. Kichwa kikishuka, cheni inalegea, tensheni inakula ulegevu huo, na kemshafti inachelewa kidogo kwenye taimingi yake. Usiporekebisha, unanunua kwa mkono wa kulia na kupoteza kwa wa kushoto.

Watu wa kisasa kidogo husema: "Weka ignisheni ya elektroniki, utaongeza nguvu farasi tano." Pikipiki za mwanzo zina pointi, zilizowekwa mwisho mmoja wa kemshafti, na vizito vya kutanguliza cheche vimewekwa mwisho wa pili. Vinaunganishwa na ufito mwembamba unaopita katikati ya kemshafti yenyewe. Ufito huo ukikosa grisi unakauka na kushika kutu, cheche inaganda mahali pamoja, na injini inakuwa nzito kwenye mizunguko ya juu. Anayeng'oa mfumo wa namna hiyo na kufunga wa elektroniki atahisi tofauti kubwa kweli, na atatangaza kila mahali. Lakini angechomoa ufito, akausafisha, akaupaka grisi na kusawazisha pointi, angehisi karibu kitu kile kile kwa bei ya chai. Yamaha wenyewe walihamia elektroniki kwenye modeli za 1980, na sababu nzuri ya kuwafuata ni kupunguza matengenezo. Cheche iliyokuja kwa wakati sahihi haijali imetoka wapi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi hawa kuliko kwingine kote. Wanazungumza kana kwamba nguvu farasi 53 za kiwanda bado zimo, na kazi ni kuongeza juu yake. Kwa pikipiki ya umri huu, dhana hiyo ni ya kupimwa kabla ya kuaminiwa. Pima kompresheni injini ikiwa moto, kabureta zimefunguliwa kabisa. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia kumi, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu hazikai vizuri, au tapeti zimebana mno. Inua dayaframu za kabureta kwenye mwanga: tundu dogo kama la pini linatosha kuizuia slaidi isifike juu, na silinda hiyo inabaki abiria. Nyunyizia maji kwenye mipira inayounganisha kabureta na kichwa, injini ikinguruma taratibu. Ikibadili sauti, mpira umepasuka na unavuta hewa.

Halafu sawazisha kabureta. Hili ndilo ningelifanya kabla ya kununua chochote, kwa sababu kwenye silinda mbili hakuna wa tatu wa kuficha uzembe. Moja ikifunguka kabla ya nyingine, mmoja anavuta na mwenzake anaburutwa. Kifaa hakihitaji kununuliwa: chukua mita kadhaa za mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mimina oili kidogo, ufunge kwenye ubao kwa umbo la U, kisha unganisha kila ncha kwenye tundu la kupimia mvuto la silinda yake. Kama kabureta zako hazina tundu hilo, tafuta adapta. Oili itapanda upande unaovuta zaidi. Geuza skrubu ya kuunganisha kabureta hadi oili isimame sawa. Mpira uwe mrefu, la sivyo injini itainywa.

Wengine hudai kwamba kugeuza krenki ili pistoni zisipande pamoja kunaongeza nguvu. Kiwandani pistoni za XS650 hupanda na kushuka kwa pamoja, zikipokezana kuwaka. Kuna wanaotenganisha krenki na kuipanga upya kwa nyuzi 277, na kemshafti nayo hukatwa ifuate. Injini inatulia na mlio unakuwa mtamu. Yamaha walitumia wazo la karibu na hilo, nyuzi 270, kwenye TRX850 ya mwaka 1995. Ni kazi nzuri. Lakini ni ya mitetemo, na haina uhusiano na mfuko mdogo.

Anayetaka pikipiki iondoke haraka kwenye taa aangalie sproketi. Ya mbele ina meno 17. Ukiweka ya 16, gurudumu la nyuma linapata msukumo wa asilimia sita zaidi katika kila gia, bila kugusa injini, na bei ni ndogo kuliko ya filta mbili za koni. Si nguvu mpya, na kwenye barabara kuu injini itazunguka kwa asilimia sita zaidi, jambo ambalo mikono yako itakukumbusha. Kwa wa mjini, naliunga mkono.

Limebaki dai moja, nalo nalikubali: "Weka pistoni za 750." Silinda ya kawaida ina kipenyo cha milimita 75. Ukiipeleka 80, ujazo unafika sisi 744, ongezeko la karibu asilimia 14, na hesabu hiyo haidanganyi. Kenny Roberts, bingwa wa Marekani wa mwaka 1973 na 1974, aliendesha injini za ukoo huu zilizopanuliwa hadi 750 kwenye viwanja vya udongo. Tahadhari ni mbili. Valvu na kabureta zimebaki zile zile, kwa hiyo faida utaipata zaidi katikati ya mizunguko kuliko juu. Na ukuta wa silivu lazima upimwe na mtu wa mashine, kwa sababu si kila silivu inabeba milimita tano. Kwa mwenye bajeti, wakati wake ni ule ambao kipimo cha kompresheni kimeshakwambia ringi zimekwisha na silinda zimeliwa, kwa sababu hapo kupanua ni lazima kwa vyovyote, na bei ya kulinganisha ni tofauti tu kati ya pistoni za milimita 80 na zile za ovasaizi ya kawaida.