UCHAMBUZI: Historia ya ndege nchini isizikwe pamoja na wazee wake

Ndege ya mwisho ya aina ya VC10 kuwahi kuundwa ilinunuliwa na shirika la East African Airways mwaka wa 1970. Shirika hilo liliposambaratika mwaka wa 1977, ndege hiyo iliishia mikononi mwa Jeshi la Anga la Uingereza, ikageuzwa kuwa ya kuzijazia nyingine mafuta angani na kuhudumu hadi mwaka wa 2013. Ilipostaafishwa, ilihifadhiwa huko huko Uingereza.

Hiyo ndiyo hali ya historia ya usafiri wa anga nchini: ni tajiri, lakini imetawanyika.

Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi mwaka wa 1929, na uwanja wa Wilson ukapewa jina lake mwaka wa 1962. Katika miaka ya 1930, ndege za Imperial Airways zilitua majini Kisumu. Naye Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Canada mnamo Septemba 1936.

Hata hivyo, simulizi hizi zilihifadhiwa kwa sababu masetla waliandika vitabu na kupigwa picha. Wafungwa wa Mau Mau waliotumikishwa kujenga uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka wa 1958, hawakupata fursa hiyo. Vivyo hivyo makanika, makarani na wahudumu waliotegemewa na East African Airways tangu mwaka wa 1946.

Mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka wa 1984, kufuatia upatanishi wa Victor Umbricht. Majengo na madeni hugawika. Kumbukumbu hazigawiki, kwani shirika lilikuwa la nchi zote na makao yake yalikuwa Nairobi. Njia ya pekee ni Kenya, Uganda na Tanzania kunakili picha, ratiba na daftari za safari zilizosalia, kisha kila nchi ipewe nakala.

Kazi hiyo haihitaji kusubiri jumba la fahari. Reli ilipata makavazi yake jijini Nairobi mwaka wa 1971, na wanafunzi huyazuru hadi leo. Usafiri wa anga unaweza kuanza kwa kinasa sauti na mashine ya kunakili picha, mradi umma uruhusiwe kuona kinachokusanywa. Nyaraka zinazofungiwa kabatini hazina tofauti kubwa na zilizopotea.

Jambo lisiloweza kusubiri ni wazee. Aliyekuwa na umri wa miaka 25 shirika lilipovunjika sasa amepita miaka 70. Akiondoka kabla ya kuhojiwa, hakuna mkataba utakaorejesha alichokijua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege zilikwisha kwenda. Daftari bado laweza kuandikwa.