Lipu Haiponyi Mti Uliooza

Nyumba nyingi za zamani za Temeke, Magomeni na Manzese zilijengwa kwa miti na udongo. Nguzo zilichimbiwa ardhini, zikafungwa fito, kisha ukuta ukakandikwa. Miti iliyosifiwa ni mikoko, na mingi ilitoka Rufiji. Nyumba hizo si za kudharauliwa. Zimelea watoto wengi.

Lakini nguzo iliyochimbiwa ina maadui wawili: maji na mchwa. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Maji ya paa huanguka chini, huruka na kulowesha mguu wa ukuta. Mti huoza pale pale chini, mahali pasipoonekana.

Wengi wetu tukiona ukuta umechakaa tunanunua saruji na kupiga lipu juu ya udongo. Nyumba inapendeza. Mimi nasema huko ni kupoteza fedha, tena ni hatari. Udongo hutanuka ukilowa na husinyaa ukikauka. Saruji haiufuati. Basi lipu hupasuka, maji huingia katika ufa, na hayapati njia ya kutoka. Ndani, mchwa wanakula kwa siri. Ukuta ukianguka usiku, utawaangukia waliolala.

Tufanyeje? Kwanza tupime. Chukua msumari mrefu, uchome mguu wa kila nguzo. Ukizama kama katika muhogo uliochemshwa, mti huo umekwisha. Zikiwa nguzo chache, zibadilishe na ukandike upya. Zikiwa nyingi, jenga ukuta wa matofali. Si lazima kubomoa nyumba yote. Fundi huegemeza paa kwa miti imara, hubomoa upande mmoja, huchimba msingi na kuinua matofali. Fedha zikiisha, upande wa pili utangoja.

Wako wanaodhani nyumba bora ni ya saruji tu. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliikosoa fikra hiyo. Hata ukuta wa udongo hudumu, ukiwa na msingi ulioinuka, upenu mrefu na mfereji wa kuondoa maji.

Nanyi wenye nyumba, kumbukeni wapangaji. Anayelipa kodi amenunua usalama, hakununua rangi ya ukuta. Mguu wa ukuta utengenezwe kwanza, kabla ya masika. Urembo utafuata.