Nani Amebaki Nyumbani?

Familia inapokwenda kutazama ngoma au mchezo wa kuigiza, ni mtoto yupi huachwa nyumbani? Mara nyingi ni yule mwenye ulemavu. Si kwamba hapendwi. Ngazi za ukumbi ndizo zilizomfungia mlango. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unatamka katika ibara ya 30 kwamba kushiriki utamaduni ni haki yake pia. Dawa inajulikana: njia ya mteremko penye ngazi, mkalimani wa lugha ya alama kando ya jukwaa, na msimulizi kwa asiyeona. Jumapili ijayo, nenda naye. Mwulize mwenye ukumbi: huyu mwanangu apite wapi?