Tiketi ya kurudi ya babu na bibi

Likizo ya Juni inapokaribia, watoto wengi waliojenga maisha Dar es Salaam huwatumia wazazi wao nauli. Babu na bibi waje wawaone wajukuu, wabadilishe hewa, wapumzike na baridi. Ni jambo jema na lina baraka zake. Lakini huko nyumbani, wiki ya mwisho kabla ya safari huwa na kazi kuliko wiki nyingine yoyote, na mara nyingi aliyetuma nauli hajui.

Chukua mfano wa wastaafu wawili wa eneo la Katumba, wilayani Rungwe, si mbali na mji wa Tukuyu. Mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mke muuguzi. Majirani bado wanawaita Mwalimu na Nesi. Wamezaa watoto wanne na hakuna aliyebaki nyumbani. Wana ng'ombe mmoja wa maziwa, shamba dogo la chai, migomba kuzunguka nyumba na kuku wachache. Binti yao wa pili, anayeishi Dar, ametuma fedha ya basi. Safari ni Jumatatu ijayo, alfajiri.

Kwa watoto, wiki hiyo ni ya kufungasha tu. Kwa wazee ni hivi.

Jumatatu: ng'ombe

Ng'ombe haendi likizo. Anakamuliwa asubuhi na jioni, anakatiwa matete, anapewa pumba na maji, banda linasafishwa. Rungwe mvua ni nyingi, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na banda lisiposafishwa siku mbili ng'ombe anasimama kwenye matope. Akikamuliwa vibaya, kiwele kinaweza kuvimba na maziwa yakaharibika.

Mwalimu alimwita kijana wa jirani, akamwonyesha kila kitu kuanzia kuosha chuchu kwa maji ya uvuguvugu mpaka mahali panapokaa ndoo. Wakakubaliana kwamba maziwa ya asubuhi yaende kituo cha kukusanyia, na ya jioni yawe ya kijana na mama yake. Mwishoni kijana akauliza, "Babu, mtakaa siku ngapi?"

"Tutaona," Mwalimu akajibu.

Jumanne: chai

Chai inachumwa majani mawili na chipukizi. Ikipitiliza, majani yanakomaa na kuwa magumu, na kiwandani hayafai. Juni ni miezi ya baridi na chai hukua taratibu, lakini haisimami. Nesi alikwenda kwa mama anayewasaidia kuchuma, wakakubaliana malipo kwa kilo na nani atapeleka mzigo kwenye kituo cha kupimia.

Mama yule naye akauliza. Kama ni mara moja tu, atachuma mwenyewe. Kama ni mara tatu au nne, itabidi atafute mwenzake. "Mnarudi lini?" Nesi akasema atamjulisha.

Jumatano: hospitali

Wote wawili wana presha. Walikwenda Makandana, hospitali ya wilaya iliyopo mjini Tukuyu, na kadi zao za NHIF mkononi. Mtumishi wa umma aliyestaafu akiwa mwanachama wa mfuko huo huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, na kwa wastaafu wengi kadi hiyo ina thamani sawa na pensheni.

Daktari alipima, akaandika dawa, kisha akauliza wanakwenda kwa muda gani. Hilo si swali la mazungumzo. Dawa za mwezi mmoja zinatosha safari ya wiki tatu. Zikiwa ni miezi mitatu, lazima wajue watafuata dawa hospitali gani huko, na kama inapokea kadi yao. Wazee wakatazamana.

Kulikuwa na jambo jingine. Kidonge kimoja cha Mwalimu humfanya aende haja ndogo mara kwa mara, naye alikuwa ameamua kimoyomoyo kutokimeza siku ya safari. Wazee wengi hufanya hivyo, wengine huacha hata kunywa maji, ili wasimsumbue dereva. Nesi alimtaja mbele ya daktari bila aibu. Wakaelekezwa saa ya kukimeza siku hiyo, na kwamba asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Pia waliambiwa wanywe maji njiani, washuke kila basi linaposimama na wanyooshe miguu, kwa kuwa kukaa saa nyingi bila kusogea huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu.

Alhamisi: msiba

Jirani mmoja alifiwa na dada yake. Nesi alibeba ndizi, akafunga kanga, akashinda huko. Binti alipopiga simu na kukuta mama yuko msibani, alisikitika: "Jamani mama, si ungepumzika, una safari."

Kwa mtu wa Rungwe, kutoonekana msibani ni jambo zito. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika kwamba watu wa rika moja walijenga kijiji chao na kukaa pamoja mpaka uzeeni. Walikuta neno lililobeba maana ya maisha hayo, ukwangala, yaani kufurahia kukaa pamoja na wenzako kwa wema na mazungumzo. Vijiji vya rika havipo tena kwa mpango ule, lakini jambo lenyewe lipo. Wale waliokaa na Nesi kwenye mkeka siku hiyo ndio watakaotazama nyumba yake akiwa hayupo. Ndio watakaosikia ng'ombe akilia usiku.

Pale msibani akinamama watatu walimuuliza swali lile lile: mnarudi lini?

Ijumaa: simu

Jioni Nesi alipiga simu mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili mumewe asikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, wanahesabu siku. Mmeshafungasha?"

"Tunaendelea. Nilitaka kukuuliza, tiketi ya kurudi ni ya tarehe ngapi?"

Kimya kidogo. "Mama jamani, hamjafika mnawaza kurudi! Njooni kwanza, mengine tutaongea hukuhuku."

Mwalimu aliinuka, akaenda kumtazama ng'ombe aliyekuwa ametoka kumtazama. Tangu Pasaka alikuwa na wasiwasi, pale kijana wao mkubwa aliposema nyumba ile sasa ni kubwa mno kwa watu wawili. Hakumwambia mtu. Ila wiki nzima, kila alipoulizwa siku, alikuwa akisema "tutaona" kwa sababu kweli hakujua kama anakwenda kutembea au anahama.

Nesi hakukata simu. "Kama kuna la kuongea, tutaongea, ninyi ni watoto wetu," alisema. "Lakini tuje tukijua siku ya kurudi. Siwezi kumwachia mtu ng'ombe, chai na funguo kwa 'tutaona'. Na baba yako bila tarehe hapandi hilo basi, namjua."

Usiku binti alipiga tena, akaomba kuongea na baba. Akasema ukweli. Mwaka jana wakati wa masika mama aliteleza kwenye tope akaumia nyonga, nao walijua baada ya siku nne. Tangu hapo watoto wanne wamekuwa wakizungumza wenyewe kwa wenyewe. Waliona ni rahisi kuwaleta wazazi Dar kwanza, halafu wawaombe wasirudi.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Hofu yenu naielewa," alisema. "Hata mimi siku ile niliogopa. Lakini neno la kuhama kwangu nitaambiwa nikiwa kwangu. Desemba mkija wote, mtasema, na sisi tutasema."

Wakakubaliana wiki tatu. Asubuhi ujumbe wa tiketi ya kurudi ukaingia kwenye simu.

Jumamosi: mizigo

Kazi zilizokwama siku tano zilimalizika siku moja. Kijana wa ng'ombe aliambiwa siku 21. Mama wa chai alijua ni mara ngapi atachuma. Dawa zilihesabiwa, zikabaki za akiba siku kadhaa, zikawekwa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kadi za bima, vitambulisho na karatasi yenye majina ya dawa. Hazikuwekwa kwenye buti la basi, ambako begi linaweza kuchelewa au kupotea.

Kisha ikaja mizigo ya kupeleka: mchele wa Kyela, maharage, magimbi na mkungu wa ndizi. Binti alishasema Dar kuna kila kitu. Ni kweli, kila kitu kipo sokoni. Lakini mzee anayekwenda kwa mtoto wake mkono mtupu anajiona mgeni wa kulishwa, na huo mkungu ndio unaomfanya aingie mlangoni akiwa bado baba.

Jumapili: kuaga

Baada ya ibada waliaga, wakapita kwa mfiwa, wakaacha funguo kwa jirani. Kwa kuwa tarehe ilijulikana, kuaga kulikuwa kwepesi. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

Kwa mtoto anayetuma nauli

Kwanza, taja siku. Kabla ya kutuma fedha, sema wanakuja lini na wanarudi lini, na ikiwezekana lipia tiketi zote mbili kwa pamoja. Kila mpango wa wazee nyumbani, kuanzia dawa mpaka ng'ombe, unategemea namba hiyo. Siku zikiongezeka baadaye kwa mapatano, ni sawa.

Pili, gharama za safari si nauli peke yake. Kuna anayekamua, anayechuma, anayelala nyumbani. Uliza, "Nani atabaki na ng'ombe, na tumpe nini?" Kiasi kidogo cha fedha kwa kijana huyo kinaweza kuwapa wazazi usingizi kuliko godoro jipya utakalowanunulia.

Tatu, angalia njia. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70, na kutoka Mbeya hadi Dar ni zaidi ya 800. Ni siku nzima kwenye kiti kimoja, kupitia Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi na Morogoro. Mzee mwenye presha, kisukari au maumivu ya miguu anaweza kulala Mbeya au Iringa na kuendelea kesho yake. Mwenye uwezo, ndege zipo kutoka uwanja wa Songwe. Na atakayewapokea kituo cha Magufuli pale Mbezi awe amefika kabla ya basi.

Nne, andaa nyumba yako. Tukuyu ipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni baridi na malaria si nyingi kama Pwani. Chandarua kiwe kimefungwa kabla wazee hawajafika, maji ya kunywa yawe karibu, na wakipata homa wapimwe siku hiyo hiyo, wasiambiwe ni uchovu wa safari. Tafuta mapema hospitali ya jirani inayopokea kadi yao ya bima.

Tano, kama kweli mnaogopa wazazi kukaa peke yao, semeni. Hofu hiyo si kosa, na mzee anayeteleza akakaa siku nne bila mtoto kujua ni jambo la kushtua. Ila yapo mengi ya kufanya kabla ya kuhamisha mtu: changarawe kwenye njia ya kwenda bandani, cha kujishikia bafuni, taa ya sola nje, kijana wa kulala pale, na simu ya kila jioni kwa zamu kati ya watoto. Wazee wenyewe pia wanajua wasiloweza tena. Mwalimu na Nesi, kabla hata ya safari, walishakubaliana kwamba masika ijayo kukata matete itakuwa kazi ya yule kijana.

Mazungumzo makubwa zaidi yasubiri Desemba, wote mkiwa mmekaa Rungwe, mzee akiwa kwenye kiti chake. Huenda akakubali kuhama. Huenda akakataa. Lakini jibu lolote atakalotoa hapo litakuwa lake, na ndugu hamtalaumiana baadaye.