Unamchungulia mwizi, je, wewe nani anakuchungulia?

Wiki hii naomba tuyaweke kando mavazi na mitindo ya nywele, tuongelee kitu ambacho siku hizi kimeshika chati kuliko hata sofa la kona: kamera ya ulinzi nyumbani.

Zamani kamera hizi ulikuwa unazikuta benki na kwenye majumba ya ushuani tu. Sasa hata aliyepanga chumba na sebule Sinza, Tabata au Mbagala, ukiingia kwake unakuta kijicho kimeng'ang'ania juu ya mlango, kinakukodolea. Mwenyewe yuko kazini Posta, anafungua simu, anaona nani kagonga geti, mtoto kala au bado, na pikipiki kama bado ipo pale alipoiacha. Ndiyo mambo ya kisasa hayo, nani asiyetaka?

Mimi sina ugomvi na raha hiyo. Wezi wapo na wanafanya kazi mchana na usiku. Lakini kuna swali moja ambalo wengi hawajiulizi wanapotoka Kariakoo na boksi lao kwapani. Kama wewe ukiwa Posta unaweza kuiona sebule yako iliyoko Tabata, maana yake picha inatoka ndani kwako, inasafiri kwenye intaneti mpaka ikufikie mkononi. Kwenye njia hiyo kuna mlango, na kila mlango una ufunguo. Ufunguo huo unao wewe peke yako, au mnao wengi?

Usicheke. Ulinzi wote wa kamera uko kwenye jibu la swali hilo. Hebu tuhesabu mikono inayoweza kuwa na ufunguo wako.

UFUNGUO WA KIWANDANI

Kamera nyingi za zamani na zile za bei ya kutupa hutoka kiwandani zikiwa na jina na neno la siri vilivyowekwa na mtengenezaji. Utakuta admin na admin, au admin na 12345. Neno hilo limechapishwa kwenye kijitabu cha maelekezo, na ni lile lile kwa maelfu ya kamera za aina hiyo. Usipolibadilisha, kila aliyenunua kamera kama yako ana ufunguo wa kwako.

Mwaka 2016 kule Marekani vijana watatu walitengeneza programu iliyopewa jina la Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwenye kamera, viboksi vya kurekodia na ruta, huku ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani kama 60 hivi. Ikiingia, kifaa kinakuwa mtumwa wake. Hakuna ufundi wa ajabu uliotumika, ni kujaribu funguo tu kama kibaka anayetingisha vitasa vya magari.

Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vilivyotekwa na programu hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn, ambayo kazi yake ilikuwa kama kitabu cha simu cha intaneti. Kwa saa kadhaa watu wengi Marekani hawakuweza kuingia Twitter, Netflix wala Spotify. Wenye kamera wao walikuwa wamekaa zao wanakunywa kahawa, hawana habari kwamba vijicho vyao vimeenda vitani. Wale vijana watatu walikiri makosa mahakamani mwaka 2017.

Najua kuna anayesema, "Aa, mimi kapuku wa Mbagala, nani ahangaike na mimi?" Ndugu yangu, hakuna anayekuchagua. Ni mashine inayobisha hodi nyumba kwa nyumba, haijali tajiri wala kapuku. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja tu inaweza kubisha hodi kwenye anwani zote za intaneti za mfumo wa kawaida, ambazo ni kama bilioni nne, kwa muda usiofika saa nzima. Kwa hiyo kamera yako ikiwa wazi itaonekana tu, uwe Masaki au Mbagala.

Na kuna mafundi wana mtindo wa kukufungulia tundu kwenye ruta ili picha itoke nje kirahisi. Wenyewe wanaita kufungua poti. Tundu hilo halijui kwamba ni wewe tu unayeruhusiwa kuchungulia. Aliyeko Posta analiona, na aliyeko ng'ambo analiona vile vile. Fundi akikuambia anafungua poti, mwambie asante, tafuta njia nyingine.

UFUNGUO WA FUNDI

Hapa ndipo penye ngoma. Mtu anaajiri fundi, fundi anapanda ngazi, anatoboa ukuta, anavuta waya, kisha anatoa simu yake mwenyewe, anaskani ile alama ya miraba meusi na meupe iliyoko kwenye kamera, na kuisajili kwa akaunti yake. Halafu anakugeukia: "Bosi, nipe namba yako nikurushie na wewe uone." Unafurahi, unaona picha, unalipa, mnaagana. Kumbe mwenye kamera ni yeye. Wewe umeazimwa kuangalia nyumba yako mwenyewe!

Wengi wao hawana nia mbaya, wanataka kazi iishe haraka wawahi kwingine. Lakini sikiliza kisa hiki. Huko Dallas, Texas, kulikuwa na fundi wa kampuni kubwa ya ulinzi iitwayo ADT. Kila alipofunga kamera kwenye nyumba iliyomvutia alikuwa anaongeza barua pepe yake kwenye akaunti ya mteja. Wengine aliwaambia anajiongeza kwa muda kidogo ili apime mitambo. Akaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka minne, kwenye akaunti kama 200 za wateja, akichungulia zaidi ya mara 9,600. Alikuwa anachagua nyumba zenye wanawake warembo, anawaangalia wakivua nguo na wakiwa na wenzi wao. Mambo yalifumuka mwaka 2020 baada ya mteja kuona barua pepe asiyoijua kwenye akaunti yake. Mwaka 2021 mahakama ilimpa kifungo cha miezi 52.

Umeona kilichomkamatisha? Mteja mmoja aliyesoma orodha ya watumiaji, basi. Wengine wote walikuwa na orodha hiyo hiyo kwenye simu zao, hawakuifungua.

UFUNGUO ULIOUTUMIA KILA MAHALI

Kuna watu wana neno moja la siri kama jina la ubatizo. Hilo hilo la barua pepe, la Facebook, la kubeti, na sasa la kamera. Siku mtandao mmoja ukiibiwa taarifa, wadukuzi wanachukua orodha na kujaribu maneno hayo kwingine kote.

Desemba 2019, katika jimbo la Mississippi, mama mmoja alifunga kamera ya Ring chumbani kwa mabinti zake ili awe anawaangalia akiwa kazini. Haikumaliza hata wiki. Sauti ya mwanamume ikatoka kwenye kamera, ikimwambia binti wa miaka minane kwamba yeye ni Santa Claus, rafiki yake. Kampuni ikasema mitambo yake haikuvunjwa, na kwamba kwenye visa kama hivyo wahuni walikuwa wanatumia maneno ya siri yaliyovuja kutoka huduma nyingine. Mwaka uliofuata Ring ikalazimisha wateja wote kuthibitisha kuingia kwa hatua mbili.

UFUNGUO WA MPENZI WA JANA

Haya, tumefika kwenu mliopendana. Mlipokuwa pamoja mlikuwa na kila kitu kwa shirika: sahani, neti, na aplikesheni ya kamera kwenye simu zenu wawili. Siku mkagombana, kila mtu akashika njia yake. Ulidai ufunguo wa mlango, ukadai na jaketi lako. Aplikesheni ya kamera je, uliidai?

Kama hukuidai, basi mwenzio bado anajua unarudi saa ngapi, unarudi na nani, na huyo nani anaondoka saa ngapi. Halafu unashangaa kila ukipata mtu mpya, ujumbe wa matusi unaingia siku ya pili yake. Unamlaumu jirani kwa umbea, unamfukuza dada wa kazi, kumbe mmbea unamlipia umeme na bando. Si mapenzi hayo, ni kuvizia, na kuvizia kunaweza kuishia pabaya. Kwa dada zangu hasa, msilichukulie jambo hili kama mzaha. Na wewe uliyebaki na aplikesheni ya mwenzio ukijiona mjanja, tambua kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini yake ni kosa.

SASA UFANYEJE?

Usiing'oe kamera. Zikusanye funguo zako tu, na hata kama wewe si mtaalamu wa kompyuta utaweza.

Kwanza, sajili kamera mwenyewe. Fundi akimaliza kupanda ngazi, simu inayoskani iwe yako, akaunti iwe yako, barua pepe iwe yako. Kama alishaisajili kwake, mwambie aifute mbele ya macho yako, kisha ibonyeze kitufe cha kuirudisha upya na uanze wewe. Ukiwa na kile kiboksi cha kurekodia, neno lake kuu la siri ulibadilishe fundi akishaondoka, si akiwa amesimama mgongoni kwako.

Pili, neno la siri liwe refu na liwe la kamera peke yake. Unganisha maneno manne matano yasiyohusiana, uliandike kwenye daftari lililofichwa kabatini. Kibaka wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako.

Tatu, washa uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akilijua neno lako aombwe na namba ya pili. Kama aplikesheni inakuruhusu kuchagua, tumia programu ya kutengeneza namba iliyoko ndani ya simu kuliko ujumbe wa kawaida, maana laini ya simu matapeli wanaweza kuihamisha.

Nne, anayehitaji kuona apewe ruhusa ya kuona tu. Mdogo wako anaweza kuangalia geti bila kuwa na uwezo wa kubadilisha mipangilio au kumwingiza mtu mwingine. Wakati wa kuachana, mtoe kwenye orodha, badilisha neno la siri, na bonyeza pale panapotoa simu zote zilizoingia.

Tano, aplikesheni ikikuambia kuna toleo jipya la programu ya kamera, likubali. Mara nyingi linaziba matundu yaliyogunduliwa.

Kwa wale wanaotaka kujibana zaidi, ipo njia ya VPN ya nyumbani, kwa mfano inayotumia WireGuard. Hii ni kama pango la siri kutoka kwenye simu yako mpaka kwenye ruta yako. Ukiwa nje unaingia pangoni kwanza, ndipo uione kamera, na wapita njia hawaoni tundu la kuchungulia picha. Ila usichanganye na zile VPN za bure ambazo watu wanapakua ili kufungua mitandao iliyofungwa. Hizo zinakupitisha kwa mtu mwingine, hazikufikishi kwako. Tena kama ruta yako inatumia laini ya simu, mwambie fundi mapema, kwa sababu ruta za namna hiyo mara nyingi hazina anwani yake ya peke yake kwenye intaneti na pango linahitaji kuchimbwa kwa namna tofauti kidogo.

Halafu kuna hili ambalo halihitaji utaalamu wowote: kamera mahali pake ni getini, varandani na mlangoni. Chumbani na bafuni inatafuta nini? Picha ambayo haikupigwa haiwezi kuibwa. Kama imebidi iwe sebuleni, mwambie dada wa kazi kwamba ipo na inaona mpaka wapi. Naye ni mtoto wa watu, ana haki ya kujua anapoangaliwa.

Wenzetu Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria yao imepiga marufuku kuuza vifaa vya namna hii vikiwa na neno moja la siri rahisi kwa wote. Kwetu, mlinzi wa kwanza ni wewe uliyekwenda dukani. Muulize muuzaji: neno la siri la kamera hii linabadilishwa wapi? Akikosa jibu, hamia duka la pili.

Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujaenda mpirani au saluni, kaa dakika kumi na simu yako. Fungua aplikesheni ya kamera, tafuta palipoandikwa orodha ya watumiaji, usome jina moja moja. Ukikuta jina la fundi aliyeondoka tangu mwaka jana, au la yule uliyemlilia wiki mbili, bonyeza futa. Usimpigie kumuaga.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa.