UKURASA WA NYUMBANI: Je, Spika za Darini Zafaa Kila Nyumba?

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu wawafaa sana wale ambao tayari wanayo televisheni, amplifaya, spika tano na sabufa moja, na ambao sasa wanashawishiwa madukani waviuze vyote ili wanunue mtambo mpya wenye spika za juu. Akiba ya nyumba ya askari haipatikani kwa urahisi. Yafaa basi baba na mama washauriane vema kabla ya kuitoa.

Kwanza na ieleweke ni kitu gani kinachouzwa. Sauti ya kumzunguka mtazamaji si jambo geni. Mwaka 1940 filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa katika baadhi ya majumba ya sinema ya Marekani kwa mpango wa spika nyingi. Mwaka 1992 ukaja mfumo wa Dolby Digital, na baadaye mpango wake wa 5.1 ukaenea majumbani: spika tatu mbele, mbili ubavuni au nyuma kidogo, na sabufa ya mngurumo. Mwaka 2012 Dolby Atmos iliingia katika majumba ya sinema, na 2014 vyombo vyake vikaanza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Jambo lake jipya ni kwamba sauti hutoka pia juu, kama helikopta ipitayo au mvua inyeshayo. Penye 5.1.2, tarakimu ya mwisho ni idadi ya spika za juu.

Baada ya kufahamu hayo, wenye nyumba na wajiulize maswali matatu.

La kwanza ni dari. Spika za juu ama hutobolewa darini, ama huwekwa juu ya zile za mbele zikarusha sauti darini ili imrudie msikilizaji. Hizi za kurusha huhitaji dari ngumu na bapa, yenye kimo cha kadiri ya mita 2.3 hadi 4.3. Katika kota isiyo na dari, ambako juu ni mabati yaliyoinama tu, sauti hutawanyika ovyo na fedha hupotea. Na zile za kutobolewa huhitaji idhini ya mwenye jengo. Tena uhamisho wa kutoka Mbarara kwenda Gulu ukitokea, mashimo hubaki nyuma na gharama huanza upya.

La pili ni mambo yanayotazamwa. Sauti ya Atmos hupatikana katika baadhi ya filamu za intaneti na za santuri za Blu-ray. Santuri za DVD hazina. Jamaa ambayo jioni zake ni taarifa ya habari, mpira na deki ya DVD itapata faida ndogo mno. Aidha, filamu ya Atmos haikatai kuchezwa na mtambo wa zamani. Husikika kwa mpango wa 5.1.

La tatu ni jirani. Katika laini ya polisi, ukuta mmoja hugawanya nyumba mbili, na aliyekesha zamu ya usiku hulala mchana. Mngurumo wa sabufa hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Kuongeza nguvu za mtambo mahali kama hapo ni kununua ugomvi.

Majibu yakiwa hafifu, ipo kazi ya kufanywa bila kutoa hata shilingi. Mara nyingi kasoro inayolalamikiwa ni kwamba maneno ya wachezaji hayasikiki ilhali milio ya bunduki inatikisa vikombe. Dawa yake si spika za darini. Spika ya katikati na itolewe nyuma ya pazia au ndani ya kabati, ielekezwe masikioni, kisha sauti yake iongezwe kidogo kwa rimoti. Spika za ubavuni zisirundikwe pamoja mbele. Ziwe kulia na kushoto kwa viti, nyuma kidogo ya msikilizaji. Sabufa iondolewe pembeni mwa kuta mbili, maana kona huzidisha mngurumo. Usiku, amplifaya ikiwa na mpango wa usiku, utumiwe: hupunguza vishindo, na mnong'ono husikika. Pazia nzito na zulia pia huondoa mwangwi.

Ama wale wenye nyumba yao wenyewe, dari nzuri, majirani wa mbali na mapenzi ya kweli ya filamu mpya, hao wana sababu ya kununua. Lakini wafuate utaratibu. Wahakikishe kwamba televisheni inaweza kupitisha sauti ya Atmos kwa waya wa HDMI, kwani waya wa mwanga hauipitishi. Wanunue amplifaya kwanza na kuziacha spika tano za zamani zifanye kazi, kisha mbili za juu zifuate mfuko ukiruhusu. Na kabla ya yote wanunue stabilaiza, kwa kuwa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu haubagui chombo kipya na cha zamani.

Karo ya watoto ikiwa bado haijalipwa, shauri limekwisha katika: spika tano zapangwa upya, na akiba yabaki mahali pake.