UKURASA WA WALIMU: Tusiulize nani kaituma radi, tuulize itapita wapi

Mwezi huu walimu wenu tunazungumza juu ya radi, yaani inkuba.

Sisi tuliotoka Rumonge, Minago na Nyanza-Lac tunaijua. Wingu linashuka, ziwa linageuka jeusi, wavuvi wa ndagala wanapiga makasia kurudi pwani. Na mtu akipigwa, swali la kwanza ni lile lile: nani kaituma? Hapo jirani anaanza kushukiwa, na mgonjwa bado yuko chini, hakuna anayemgusa.

Ndugu zetu, radi ni umeme unaojikusanya mawinguni na kutafuta njia ya kufika ardhini. Haijui adui wa mtu. Hupiga zaidi kilicho kirefu au kilicho peke yake: mchikichi, mlingoti, mtu aliyesimama uwanjani au aliye mtumbwini katikati ya maji. Tarehe 10 Machi 2018, waumini 16 waliuawa na radi kanisani huko Nyaruguru, Rwanda. Tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda, watu 14 waliokusanyika kwa ibada ndani ya jengo la bati walikufa, na 34 wakaumia. Wakimbizi kama sisi, tena wanasali. Nani angewatumia?

Wengine wanasema bati ndilo linaita radi. Si kweli. Shida ni kwamba bati letu limekaa juu ya miti na matofali. Umeme ukifika pale hauna njia nzuri ya kushuka, basi unarukia watu. Kinga ya radi, wengine huita paratoneri, kazi yake ni kuupa umeme njia. Ina sehemu tatu:
- fimbo ya chuma au shaba iliyo juu kuliko paa;
- waya mnene unaoteremka nje ya ukuta bila kukunjwa-kunjwa;
- fimbo iliyozikwa chini, kwenye udongo wenye unyevu.

Ikikosekana moja, kinga haipo. Kwa hiyo anayekata waya wa shaba akauze chuma chakavu anawauza watoto wa shule. Mnaorudi nyumbani kujenga, na ninyi wa kamati za shule na makanisa, muulizeni fundi mapema, na kila mwaka mkague waya kama bado umeshika.

Lakini hema na nyumba zetu nyingi hazina kinga. Basi tufanye hivi:
1. Ukisikia ngurumo tu, hata kama mvua haijaanza, toka uwanjani, shambani, bombani na majini.
2. Usijikinge chini ya mti. Afadhali kulowa.
3. Mahali pazuri ni jengo imara lenye kinga, au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma.
4. Ukiwa ndani, kaa mbali na mlango, ukuta, nguzo za chuma na kamba ya waya ya kuanikia nguo.
5. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Na hili tunaomba mlishike kuliko yote: mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse! Wengi hufa kwa sababu moyo umesimama na hakuna aliyesaidia. Asipopumua, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine anakimbia kuita watu wa zahanati. Usimfukie udongo, usimngojee mganga.

Wazazi, someni ukurasa huu pamoja na watoto jioni ya leo, na kila mtoto aseme atakimbilia wapi ngurumo ikianza. Tukutane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea